Kichupa cha Mtoto wa Beth

Itangazwe kwa wakazi wote wa Nyeri, kuanzia Skuta mpaka Ruring'u, kwamba sayansi imewasili. Iliwasili hospitalini ndani ya kopo la biskuti, kwa kuwa friji ya wodi ilijaa chakula cha wauguzi.

Sista Samiha alipitisha kijiti chenye pamba midomoni mwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, akatia mate ya kila mmoja kwenye kichupa chake. Maabara ingesoma mate hayo na kusema mapema ni nani atakayeugua mapafu. Kabla vichupa havijaondoka, cha mtoto wa Beth kilikohoa.

Kilikohoa kikohozi kikavu, kama cha mzee. Samiha alikifunika kwa kitambaa kisiwaamshe wengine, akamwita msimamizi wa hospitali, Bwana Moffat.

"Hiyo ni kikohozi ya cucu," Moffat akasema. Ni kweli nyanya Wakiuru alikuwa amemtemea mjukuu mate kifuani asubuhi, kumbariki. "Huyu amepikia kwenye moshi huko Kangema miaka yote."

"Ati mimi?" Wakiuru akatema kwenye kichupa kingine. Hicho hakikukohoa.

"Basi tufungue ile mashine ya kupumulia," Samiha akasema.

Mashine ilikuwa hapo wodini, mpya, imezungushiwa utepe mwekundu.

"Hiyo inangoja mgeni rasmi. Hata tumeshaagiza hema."

"Anakuja lini?" Beth akauliza.

"Tutajulishwa, mama."

Kichupa cha mtoto kilibaki wodini kikiendelea kukohoa. Wauguzi walikihamisha mbali na simu ili wasikie wanaopiga. Baada ya majuma mawili kifua cha mtoto kikaanza kubonyea kila alipovuta pumzi. Mgeni rasmi alituma salamu.

Alhamisi mchana, mlinzi alimkuta msichana mwenye sare ya shule ya bweni ameinama kando ya mashine, makasi mkononi, utepe sakafuni. Moffat alikuja na utepe mwingine. Alikuwa anakaza fundo kichupa kiliponyamaza. Samiha alimtazama mtoto, kisha akakiondolea kichupa kitambaa na kumfunika nacho mtoto uso.

"Na wewe msichana ni wa nani?" Moffat aliuliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimepanga kujibu kwamba mimi ndiye mgeni rasmi.

"Wa Beth," nikasema. "Utepe nimekata mimi. Huyo ni mdogo wangu."