Ilipofika Zamu ya Tisha

Katika ofisi ya kamusi, kila neno lilisomwa kwa sauti kabla ya kuandikiwa maana, na kitu chake hakikukawia kufika. Walipofanya *tausi*, tausi aliingia kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo analala juu ya kabati. *Tetemeko* lilivunja vikombe. *Tikiti* walilipasua wakalila. Kitu kikishafika, neno lake lilikwama kooni mwa wote mpaka maana iandikwe. Mhariri, mama mtu mzima mwenye miwani ya kufunga na uzi, aliupenda utaratibu huo kwa sababu ulikata ubishi.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya *tisha*.

"Tufungue dirisha," alisema msahihishaji. "Likija na mabawa, litoke."

"Likija na meno?"

"Basi tutatanguliza wanene."

Wakacheka, isipokuwa mpiga chapa. Alikuwa mtoto wa dada yake Mhariri. Mhariri ndiye aliyemtafutia kazi alipohitimu chuo, akamwapia dada yake kwamba atamlinda kama mboni ya jicho. Siku hizi binti alikuwa amekonda. Mhariri alisema ni joto.

Mhariri akalisoma neno. Wakangoja. Chai ikaletwa, ikapoa. Halafu mlango wa ndani ukafunguliwa akaingia Mkurugenzi, ndevu kazinyoa, ananukia sabuni. Akawajulia hali wote kwa upole.

"Binti, niletee yale mafaili ofisini kwangu. Ukiingia, funga mlango."

Akarudi ndani. Tausi akashuka kabatini, akajibanza chini ya meza.

"Labda limechelewa hili neno la ku..." Msahihishaji alijaribu tena. "La ku..." Halikutoka. Akainama akaanza kuchonga penseli iliyokwisha kuchongwa.

Binti aliyakusanya mafaili taratibu.

"Mamkubwa," alisema, "twende wote."

Mhariri alielewa, na aibu ikampanda hadi masikioni. Kisha akaifikiria kazi yake, akauona unga unamwagika.

"Nenda tu, mwanangu. Nina maana ya kuandika hapa."

Binti akaenda. Mlango wa ndani ukafungwa. Mhariri akaandika: *tisha: tia hofu. Mfano: Giza lilimtisha mtoto.* Papo hapo neno likarudi midomoni mwa watu, lakini hakuna aliyelitaka.

Kazi iliendelea vizuri. Siku chache baadaye wakafikia *toba*. Mhariri alilisoma kwa sauti, wakangoja. Akalisoma tena, mara hii amesimama, uso ameuelekeza kwenye mlango wa ndani. Tausi akasinzia. Walingoja mpaka mfagizi akaja kufunga madirisha, na hakuna kilichofika.

Maana yake wakaiandika kwa kukisia. Binti akaipiga chapa.