Sentimita za Ofisini

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Tamsin Pascoe aliinama mbele ya kijiti cha kupimia theluji, akakipangusa kwa glavu, akasoma: sentimita nne. Alirudi kwenye banda la habari na kuwasha birika. Kabla maji hayajachemka, Garth Dunphy, meneja wa kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Mlima Corrigan, Australia, alimpigia simu kutoka kitandani.

"Ngapi?"

"Nne, bosi."

"Andika ishirini na mbili."

"Mawe ya mtelemko wa Bonde la Chini hayajafunikwa. Yanaonekana hata bila miwani."

"Ndiyo maana hatuyapigi picha, Tamsin."

Taarifa ya theluji ilitoka saa kumi na mbili, na chini yake, kama kila siku: Imepimwa na Tamsin. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomkosesha raha. Watu wa Canberra na Sydney waliyaamini kabla hawajafunga skii juu ya magari yao. Mzee Jozo wa Cooma, ambaye baba yake alichimba mahandaki ya mabwawa ya umeme, aliyaamini kuliko wote, naye alikuwa amebakiwa na goti zima moja tu. La pili lilikutana na jiwe mwezi Julai, siku ambayo taarifa ilisema thelathini.

Saa mbili Garth alifungua ofisi yake akakuta sentimita kumi na nane za theluji. Zilikuwa zimelala sawasawa juu ya zulia, meza na sahani ya pai ya jana. Dari haikuwa na tundu. Fundi aliyeitwa alishika konzi moja, akasema ni theluji kavu, nzuri, haina barafu chini yake, kisha akaenda zake kutia lifti mafuta.

Kesho yake kijiti kilisema mbili, taarifa ikasema ishirini na tano, na ofisini zikaanguka ishirini na tatu. Hesabu haikukosea: kila sentimita iliyoongezwa kwenye taarifa ilifika mlimani, ila ilifika kwa meneja. Garth alihamia juu ya kabati la mafaili na kuendelea na kazi.

Watelezaji nao walijadiliana mtandaoni, kama ilivyo desturi yao.

"Jamani, nani kaiona hiyo ishirini na tano?"

"Mimi. Iko ofisini kwa Dunphy. Nimechungulia dirishani, theluji laini kama unga!"

"Foleni ikoje?"

Siku ya tatu kijiti kilisema sifuri, taarifa ikasema ishirini. Tamsin alisukuma mlango wa ofisi kwa bega. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno yake.

"Bosi, tukiandika ukweli, hii itakoma."

Garth alitikisa theluji kutoka kwenye kikokotoo.

"Ni kweli," alisema. "Kalete kijiti."

Tamsin alikimbia. Alikingʼoa mtelemkoni kwa mikono miwili, akakileta akihema. Garth alikipokea, akakichomeka kati ya meza na mashine ya kuchapia.

"Soma."

"Sitini na moja."

"Kuna uongo hapo?"

Tamsin alisoma tena. Haukuwepo.

"Basi andika. Na jina lako, kama kawaida."

Saa moja Mzee Jozo alipiga simu. "Binti, hiyo sitini na moja ni ya kweli? Goti langu ndilo linalouliza."

Tamsin alikitazama kijiti kupitia mlangoni.

"Nimeipima mwenyewe, mzee."

Mzee Jozo alifika saa nne. Aliyatazama mawe, akaitazama foleni, akajiunga nayo. Zamu yake ilipofika alipanda juu ya kabati, Garth akakunja miguu kumpisha, naye akateleza kupita meza hadi kizingitini. Zilikuwa mita tatu.

"Theluji safi," alisema akijipangusa. "Mtelemko ndio mfupi."

"Nisamehe, mzee," Tamsin alisema.

"Ya nini? Umepima vizuri."

"Tiketi ni ya siku nzima, mzee wangu!" Garth alisema kutoka kabatini.

Kwa kuwa ilikuwa ya siku nzima, Mzee Jozo alikaza buti zake akaenda kupanda lifti ya Bonde la Chini, na goti lake moja zima.

Tangu hapo theluji ya ofisini haikuongezeka, maana hapakuwa na uongo wa kuileta, wala haikuyeyuka. Alfajiri iliyofuata Tamsin aliamka saa moja baadaye kuliko kawaida, kwa sababu kijiti sasa kilikuwa karibu. Sitini na moja, aliandika. Imepimwa na Tamsin.