Vitabu Viwili vya Mwalimu Théodore

Kila Jumamosi mchana, akishamaliza kutwanga sombe, majani ya muhogo, Eulalie alikuwa akikaa mlangoni kwake mtaani Kadutu akisoma. Mwalimu Théodore, jirani yake, aliandika vitabu vya kusisimua kuhusu vita vilivyopita, na katika viwili alimtia Anaclet Bisimwa, mume wa Eulalie na baba wa binti yao Colombe, ambaye askari walimchukua wakati wa vita vya mamluki na hakurudi.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilimpa Anaclet mtumbwi. Alipiga kasia mpaka kisiwa cha Idjwi, risasi zikimkosa. Kila Eulalie alipofika ukurasa ule, Anaclet aliingia amelowa mpaka magotini, akala, akalalamika kwamba sombe haina chumvi. Alikuwa mteuzi wa chakula tangu zamani. Majirani walimsalimu wakapita.

Alichokichukia kilimpeleka mto Ruzizi, mikono imefungwa nyuma, kikaishia kwenye mlio wa bunduki. Hicho alifunikia mtungi wa maji, na kilistahili hivyo.

Kisha serikali ikapiga marufuku majina ya ubatizo. Vijana wa chama tawala wakapita nyumba kwa nyumba.

“Maman, hii kitabu iko na Anaclet kila pahali. Jina ya Wazungu. Tunaenda kuichoma.”

Kile kilichofunika mtungi walikirudisha kwa heshima, maana humo mumewe aliitwa Bisimwa tu.

Eulalie alivumilia kwa majuma kadhaa. Hamu ilipomshinda, alikisoma mpaka mwisho. Bisimwa akaingia, shati limetoboka kifuani, damu ikidondoka sakafuni. Alikula bila kulalamika, na hilo ndilo lililomliza Eulalie.

“Baba Colombe, walikutupa wapi? Nikuzike.”

“Sijue. Kitabu inaishia pa bunduki.”

Eulalie akapangusa sakafu, akaenda kwa Théodore.

“Mwalimu, nyuma ya bunduki kulia, kulifuata nini?”

“Shimo. Nilikuwa mu majani, niliona yote.”

“Basi uandike ile shimo iko wapi. Mustari moja tu.”

“Maman, ule mutu alitoa amri ndiye mukubwa wetu sasa, anakaa Ibanda. Niko na watoto.”

Akampa bure kitabu chake kipya, cha wafalme wa kale, akamhakikishia kwamba humo hakuna anayekufa. Eulalie alikiacha palepale mezani pa mwalimu.

Nyumbani mumewe alikuwa angali anangoja.

“Mwalimu anapajua,” Eulalie akasema. “Anaogopa.”

“Hata miye ningeogopa.”

Kwa kuwa hakuwa na kaburi la kurudia, alilala palepale sakafuni, na Eulalie akajizoeza kumruka kila asubuhi alipokwenda kuwasha moto.