Kitufe cha Mzee Kidole

Miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa inayoyoma, na binti yule hakuwa amebonyeza kitufe cha eksirei hata siku moja. Si kwamba hakujua. Chuoni aliijua ile mashine nje ndani, na mifupa ya kiganja aliikariri mpaka akawa anaiota. Lakini hospitalini alikutana na msimamizi wake, ambaye wanafunzi wote walimwita Mzee Kidole, kwa siri bila shaka, maana kitufe kile hakikujua kidole kingine isipokuwa chake.

Afadhali angekuwa mtu mbaya, binti angemchukia akapumzika. Kumbe alikuwa mpole wa kupitiliza. Alimwita "mwanangu," alimgawia chai ya chupa yake, na alimweleza kila kitu mara mbili mbili kama anayemlisha mtoto uji. Ila mgonjwa akishasimama tayari mbele ya mashine, basi: "Sogea kidogo, mwanangu. Leo foleni ndefu." Na foleni, kwa bahati mbaya, ilikuwa ndefu kila leo.

Kwa hiyo kazi waligawana hivi. Binti alimpanga mgonjwa, akarudi nyuma ya ukuta wenye kioo cha kukinga mionzi, akasema kwenye kipaza sauti, "Vuta pumzi ndani kabisa. Shikilia." Hapo hapo mkono wa mzee ulipita juu ya bega lake na kubonyeza. Kisha binti akamalizia, "Pumua." Watu wa mapokezi walishamwita Dada Pumzi. Alicheka nao, lakini kwa meno tu. Moyoni alikuwa amefura.

"Si umwombe?" kaka yake alimuuliza nyumbani.

"Nimemwomba."

"Anasemaje?"

"Anasema kesho."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Na jana alisema hivyo hivyo."

Kaka mtu akacheka mpaka akapaliwa na maji. Binti alitamani kumrushia sahani, na mimi nisingemlaumu.

Siku ya mtihani akaja mkufunzi kutoka chuoni, mama mmoja mkavu wa maneno, miwani imening'inia kifuani. Masharti aliyasema akiwa bado mlangoni. Picha moja ya kifua, mgonjwa mmoja, mwanafunzi afanye mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Msimamizi aruhusiwe kukaa chumbani, ila asiseme wala asiguse. Akifaulu, anahitimu na wenzake. Akifeli, anarudia mafunzo yote upya, wenzake wakiwa wameshaajiriwa.

Mgonjwa alikuwa babu mmoja aliyesumbuliwa na kikohozi, msikivu ajabu. Binti alimuuliza jina, akalilinganisha na la kwenye karatasi ya daktari, akamwondolea simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati. Akamsimamisha kifua kikigusa ubao wa mashine. "Kidevu juu, babu. Mikono kiunoni. Viwiko vilete mbele kidogo, hapo hapo." Mkufunzi akatikisa kichwa kukubali. Mzee Kidole alisimama kwa nyuma, mikono kaifunga mgongoni kama mshitakiwa.

Binti akaenda nyuma ya ukuta, mkufunzi na mzee wakimfuata, akapima kwa macho mara ya mwisho, akasema, "Vuta pumzi ndani kabisa, babu. Shikilia."

Babu akashikilia.

Na binti akasubiri. Hakuwa na woga, jamani, wala hakuwa amesahau kitu. Alisubiri tu kama alivyosubiri siku zote, mkono upite juu ya bega. Babu wa watu alikuwa ameambiwa ashikilie, naye akashikilia kwelikweli, mishipa ya shingo ikamtoka, mabega yakaanza kutetemeka. Mkufunzi akavaa miwani. Mzee Kidole jasho lilimtiririka, akamwangalia babu, akamwangalia binti, uzalendo ukamshinda. Mkono ukapita juu ya bega. Mashine ikalia.

"Pumua," akasema binti, kwa mazoea.

Babu alikohoa mpaka akainama. Alipopata sauti akauliza kwa upole, "Kwani mlikuwa mmeondoka?"

Picha ilitoka safi, mapafu yote mawili yameenea, hakuna cha kutoa wala kuongeza. Mkufunzi aliitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri sana. Amebonyeza nani?"

"Mwalimu, kosa ni langu," akasema Mzee Kidole. "Huyu binti anaijua kazi."

"Wewe hatukupimi leo, mzee. Na huyu babu siwezi kumpiga mionzi tena eti kwa sababu ya mtihani." Akamgeukia binti. "Umemshikisha mgonjwa pumzi huku unamsubiri mtu mwingine. Siwezi kukupitisha. Utarudia."

Akaaga na kwenda zake. Hospitali nyingine ilikuwa inamsubiri.

Binti akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kulia kwa hasira. Mzee Kidole alizungukazunguka, akamimina chai, akaimwaga nusu mezani.

"Usilie, mwanangu. Safari hii nitakufundisha vizuri."

"Umenifundisha kila kitu, mzee. Hukuniachia hata kimoja."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Najua. Ndiyo maana nimefeli."

Mapokezi wakagonga mlango. Kulikuwa na mama mmoja wa picha ya kifua. Binti akajifuta uso, akamwingiza, akampanga. Mzee akawa tayari anafuata, akiingilia mlango ulio nyuma ya ukuta ule wa kinga.

"Naomba ubaki hapo mlangoni, mzee. Ukiona nataka kuharibu, sema."

Akabaki. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili kama mtu aliyeko kwenye chombo kinachoyumba, na hakusema neno. Binti akamwambia mama avute pumzi, ashikilie, akabonyeza mwenyewe. Kitufe kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani.

"Pumua, mama."

Picha ikajitokeza kwenye skrini. Bega moja lilikuwa limeshuka kidogo, lakini mapafu yalionekana yote, na daktari angesoma bila taabu.

"Imetoka?" mzee akauliza kutoka mlangoni.

"Imetoka."

"Nije nione?"

"Subiri kwanza," akasema binti. "Naangalia."