Skafu Zilizofungwa Kwenye Reli

Mwezi wa pili ukiingia, Vienna huvuliwa nguo mbele za watu. Vibanda vya mvinyo wa moto vimeshabomolewa, chemchemi za viwanjani zimefunikwa mbao kama maiti zinazongoja ndugu wa mbali, na farasi wa kuvuta wageni wanasimama na mablanketi mgongoni wakimngoja mgeni asiyekuja. Huo ndio wakati ambao hoteli huanza kubembeleza. Bi Notburga Grössing, ambaye bondeni kwao, huko milimani, kila mtu humwita Burgi, alipata chumba kizuri chenye dirisha la kutazama ukuta, akampeleka huko mumewe Alfons kwa uongo.

Uongo wenyewe aliupika polepole, kama supu. Alimwambia wanakwenda kupumzika kidogo, kula nyama ya kuchemsha na kuwacheka watu wa mjini wanavyoanguka kwenye barafu. Mzee alikubali upesi, maana kuwacheka watu wa mjini hakuhitaji kushawishiwa. Asichoambiwa ni kwamba mjukuu wao Zenzi angeimba peke yake katika jumba la opera. Kwa kawaida Zenzi huimba nyuma, kwenye kundi, pale ambapo hata mama yako mzazi hawezi kukutambua kwa sababu nyote mmevaa ndevu au mmebeba mapanga ya karatasi. Lakini mafua yalikuwa yamewalaza waimbaji kama mvua ya mawe inavyolaza ngano, na mmoja wa waliolazwa ni yule anayeigiza mtumishi wa ndani. Mtumishi huyo anaingia na trei, anaimba mistari mitatu, anatoka. Zenzi alipewa nafasi hiyo kwa jioni moja tu.

Na Alfons alikuwa hasemi na Zenzi. Mwaka wa pili sasa. Nyumba yao ya wageni, yenye baa chini na vyumba juu, ilikuwa iwe ya Zenzi. Akamwachia babu yake funguo juu ya kaunta katikati ya msimu wa watalii wa kuteleza kwenye theluji, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, akapanda basi kwenda kusomea kuimba. Tangu siku hiyo, simu ya Zenzi ikiita, Alfons huipokea, akisikia sauti humpa Burgi bila neno, kwa vidole viwili, kama mtu anayepitisha sufuria ya moto. Burgi alikuwa amechoka kupokea sufuria hiyo. Alijiambia: mzee akimwona kwa macho yake, mara moja tu, ama moyo utalainika ama utapasuka, na vyote viwili ni afadhali kuliko hali hii.

Jioni hiyo walipanga foleni ya tiketi za kusimama mbele ya jumba la opera, kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha na Alfons asingelipia kiti cha kulalia hata wangempa mto.

"Mle ndani kuna joto," Burgi alimwambia. "Tunasimama kidogo, tukichoka tunatoka."

"Nasimama bure nyumbani kwangu miaka yote, nije Vienna nilipe nisimame?"

"Si ulisema miguu inaganda?"

"Na Zenzi je? Isije ikawa ndiye anayepiga kelele humo."

"Zenzi yuko mji wa Graz na wenzake," Burgi alisema, akafanya ishara ya msalaba ndani ya mfuko wa koti.

Wakakatiwa tiketi. Alfons akaenda msalani, akakaa huko muda ambao mtu angeweza kukamua ng'ombe wawili, kwa hiyo walipopanda hadi mahali pa kusimama, watu waliokuwa mbele yao kwenye foleni walikuwa wameshapotea. Palikuwa na safu za reli za kuegemea, zimeshuka kama ngazi kuelekea jukwaani, na hakuna mtu isipokuwa bwana mmoja aliyelala huku amekaa sakafuni. Ila reli zote zilikuwa zimefungwa skafu. Za sufu, za hariri, za mistari, moja ya zambarau ndefu kama kamba ya kufungia ndama.

"Maskini," Burgi alisema. "Tazama walivyosahau."

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo mtamwona mjinga. Bondeni kwao, anayeokota glavu au skafu njiani huifunga kwenye ua wa karibu, ili mwenyewe akirudi aione. Jumapili baada ya misa kuna mtu wa kupita na kuzikusanya zilizobaki, anazipeleka ndani kabla hazijaganda, na mtu huyo ni Burgi, tangu alipokuwa bi harusi. Amezikausha nyuma ya jiko lake skafu za vizazi vitatu. Kwa hiyo alipoona reli zimejaa vile, mikono yake haikumuuliza ruhusa. Alifungua fundo moja baada ya jingine, akakung'uta, akakunja, akaweka mkononi, hadi kidevu kikashikilia rundo lisianguke.

"Watu wa mjini," alimwambia Alfons. "Kichwa kisingekuwa kimeshonwa shingoni wangekiacha kwenye tramu."

Akashuka ngazi zote hadi chumba cha kuwekea makoti. Mama wa hapo alikuwa anaongea kwenye simu. Akazitupa zote kwenye kapu moja bila kumtazama.

Alfons, aliyebaki juu, alichagua pale katikati kabisa, reli ya mbele, akaegemeza viwiko vyake kama yuko kaunta kwake. Hapo ndipo wenyewe waliporudi. Walikuwa wameshuka kula soseji, midomo bado ina haradali, wakiongea juu ya sauti ya fulani iliyokufa na ya fulani iliyopaswa kufa. Wa mbele alikuwa Bi Hollitzer, mwanamke mwembamba mwenye nywele alizozipaka rangi nyekundu ya pilipili. Alikuwa mfamasia kabla ya kustaafu, na mahali pale pa katikati amesimama tangu nywele hizo zikiwa na rangi yake ya asili.

"Skafu yangu iko wapi?"

Alfons akageuka polepole. "Skafu gani, mama?"

"Ya zambarau! Hapo ulipoweka hivyo viwiko!"

"Mimi nimekuta chuma kitupu."

"Na yangu!" alipiga kelele bwana mmoja mnene. "Mungu wangu, na yangu! Zimeibwa zote!"

"Bwana, kwa umri huu utaiba skafu?" Bi Hollitzer alimuuliza Alfons. "Huoni aibu?"

"Ningetaka kuiba ningeanza na hayo mawigi."

"Ni nywele zangu!"

"Basi pole."

Kwa kweli Alfons alikuwa hajafurahi hivyo tangu wafike Vienna. Watu wakaanza kusukumana, kila mmoja anadai alikuwa kushoto kwa fulani, fulani anakana kumjua. Wale watu wapole wanaojua majina ya watunzi wote walikanyagana vidole kama mbuzi mlangoni. Akaja mlinzi wa ukumbi, kijana mrefu mwenye vifungo vya shaba.

"Mabibi na mabwana, tafadhali. Nani amefungua skafu?"

Na saa ileile Burgi akatokea juu ya ngazi, uso unang'aa kwa jasho na kwa wema.

"Msiwe na wasiwasi!" alisema. "Nimeziokota zote! Ziko chini kwa yule mama wa makoti, ziko salama!"

Wote wakamgeukia. Hata yule aliyelala sakafuni aliamka.

"Umeziokota," Bi Hollitzer alirudia.

"Zote. Na nimezikunja."

"Mwanamke wewe, skafu ndiyo nafasi! Ukifunga skafu, pale ni pako! Hata mtoto wa Vienna anajua!"

"Mimi si mtoto na si wa Vienna," Burgi alisema, huku akizitazama reli tupu.

Mlinzi akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Mama, na wewe mzee. Naomba mtoke nje."

"Twende!" Alfons alisema, ameshavaa kofia. "Umefanya vizuri kabisa, Burgi. Nina njaa."

Burgi alimtazama mumewe anavyotoka kwenye reli kwa furaha, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani siku ya mtihani. Huyu akitoka harudi. Zenzi ataingia na trei yake, ataimba, atatoka, na kesho mwenye mafua atakuwa amepona. Akamshika Bi Hollitzer mkono, yeye hasa, kwa sababu ndiye aliyekasirika kuliko wote.

"Dada," alinong'ona, "nitukane nikimaliza. Yule mtumishi wa leo, wa trei, ni mjukuu wetu. Babu yake hajui. Nimemleta kwa uongo. Hawajasemezana mwaka wa pili huu."

Bi Hollitzer akafinya macho. "Yule mpya? Wa mistari mitatu?"

"Huyo."

"Anayeimba badala ya yule mwenye mafua?"

"Huyohuyo, dada."

Kuna watu ambao hawawezi kukusamehe kosa lakini hawawezi pia kukubali kukosa jambo la kusimulia. Bi Hollitzer alimgeukia mlinzi.

"Mwache mzee."

"Lakini mama, wewe ndiye uliye..."

"Nimesema mwache. Nimemzoea."

Kisha akamnong'oneza bwana mnene, bwana mnene akamnong'oneza mwenye miwani, na neno likapita safu kwa safu. Alfons alifika hatua tatu tu kutoka mlangoni. Akakuta kifua cha mtu. Akageuka kulia, akakuta tumbo.

"Samahani, napita."

"Hapana, mzee," alisema bwana mnene kwa upole. "Hapa hapapitiki."

"Sasa hivi mlikuwa mnanifukuza!"

"Tumebadilisha mawazo."

Wakamrudisha nyuma kwa mabega, bila kumgusa kwa mkono, kama mto unavyorudisha gogo, hadi akajikuta pale pale katikati, reli ya mbele, Bi Hollitzer kulia na Burgi kushoto.

"Wazimu," Alfons alisema. "Burgi, tumeingia nyumba ya wazimu."

"Vua kofia," alisema Burgi.

Taa zikazimwa. Bendi ikaanza. Alitokea baroni, bwana mwenye cheo, aliyelia kwa sababu ya mapenzi, akaja mwingine aliyelia kwa sababu ya huyo wa kwanza, na Alfons akapiga miayo hadi taya likalia. Kisha mlango wa jukwaani ukafunguka, akaingia msichana mwenye aproni nyeupe na trei ya glasi.

Alfons hakupiga miayo tena. Alimtazama, akamtazama tena, halafu bila kugeuza kichwa akasema, "Graz."

"Nyamaza," alisema Burgi.

"Graz, eti."

Zenzi akaimba. Mstari wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kubisha hodi tu: bwana, kuna mgeni. Wa pili ukapanda, ukazunguka juu huko kama kitu kilichofunguliwa kutoka kwenye fundo. Burgi alisikia bega la mumewe limekuwa gumu kama ubao, na hakuthubutu kumtazama. Mstari wa tatu ukashuka taratibu, Zenzi akainamisha kichwa, akaweka trei mezani bila glasi hata moja kulia, akaanza kutoka.

"Sauti safi," Bi Hollitzer alinong'ona. "Ila nyembamba kidogo huko juu."

"Nani amekuuliza?" Alfons alisema.

Na hapo akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika jumba lile. Kwao, mtu akiwa ng'ambo ya bonde na unataka ajue umemwona, huiti jina. Jina haliwezi kufika. Unapiga ukelele, ule mrefu unaoanzia tumboni na kupasuka juu kabisa, na kila familia ina wake. Alfons akavuta pumzi, akapiga wa Grössing.

Ulipita juu ya bendi. Baroni aliyekuwa ameanza kulia akaacha. Kiongozi wa bendi akageuka na fimbo yake hewani. Na Zenzi, mguu mmoja tayari nje, akasimama kama aliyepigwa na jiwe, akatazama juu gizani, akacheka kwa meno yote, akageuka akagonga mlango ambao haukuwa mlango bali ukuta uliochorwa, ukatikisika mpaka juu.

Safari hii hakuna aliyemzuia mlinzi.

Nje, nyuma ya jumba, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mlango wa wasanii ukafunguka, Zenzi akatoka mbio na koti juu ya aproni, rangi ya uso imetiririka.

"Babu! Umeniharibia! Kiongozi wa jukwaa anataka kunila mzima!"

"Mwambie anile mimi, mimi nina nyama zaidi."

"Watu wote wamesikia!"

"Nilitaka usikie wewe."

Zenzi akafuta pua kwa mkono wa koti. Burgi alijifanya anatafuta kwenye mkoba wake mayai ya kuchemsha aliyoyabeba toka hotelini, na mayai yalikuwa juu kabisa, yanaonekana.

"Umesikia nilivyoimba?" Zenzi aliuliza.

"Miwili vizuri. Wa tatu yule wa nywele za pilipili alikuwa ananihemea sikioni."

Zenzi akatazama kushoto na kulia. Barabara ilikuwa tupu, ila mtu mmoja aliyekuwa anafunga kibanda chake cha soseji. Akaimba mstari wa tatu pale pale, kwa sauti ya chini, mvuke ukimtoka mdomoni. Alfons alisikiliza ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Ulipokwisha alisogea karibu. Alimfunga mjukuu wake kifungo cha juu cha koti, kile kilichokuwa wazi.

"Bado una kuinama mbele ya watu mwishoni, siyo?" aliuliza.

"Ndiyo. Tukimaliza wote tunatoka kuinama."

"Basi rudi kazini. Huwaachi wateja wakingoja."

Zenzi akambusu shavuni, akambusu bibi yake, akakimbia ndani. Alfons akavaa kofia, akanyoosha mkono bila kumtazama mkewe.

"Haya, lete yai," alisema. "Mwongo mkubwa wewe."