Saa ya Mtambo

Kiungo nilichoiundia kliniki yetu ya Meknes, Moroko, hakikosei, na mimi niliyekiunda sikosei. Maneno hayo nilimwambia mkurugenzi, Bwana Lahbabi, au Si Lahbabi kama tunavyomwita, mbele ya wauguzi wote.

Programu ya kuhakiki watumiaji tuliinunua nje ya nchi, nayo ilijua nywila tu. Wauguzi walizibandika zao ukutani kama kalenda. Bahati nzuri, walioiunda waliacha nafasi ya kuchomeka kiungo cha nje, yaani kijiprogramu cha nyongeza, nami nikachomeka changu. Kinadai namba sita kutoka kwenye kidude anachovaa kila muuguzi shingoni. Namba hubadilika kila nusu dakika, kwa kufuata saa, na mtambo mkuu wa kompyuta huzilinganisha na zake kwa saa yake.

Jumatatu, siku moja baada ya nchi nzima kurudisha saa nyuma kwa ajili ya Ramadhani iliyokuwa ikikaribia, kiungo kikaanza kazi. Kikamkataa kila mtu.

"We Ilyass," akasema Lalla Touria, yaani Bibi Touria, mkuu wa wauguzi, "mtoto wako ananifukuza kazini?"

"Hajakuzoea tu, Lalla."

"Miaka ishirini na sita nipo hapa! Anizoee lini, nikishastaafu?"

Si Lahbabi hakucheka. "Adhuhuri ikifika hawajaingia, kinang'olewa. Tunarudi kwenye karatasi za ukutani."

Kazi ya miezi mitano! Nikasoma programu yangu mstari kwa mstari, jasho likinitoka. Safi kabisa. Ndipo mwenzangu Ghizlane, glasi ya chai mkononi, akaninong'oneza: "Bingwa, hebu uulize mtambo wako sasa ni saa ngapi."

Nikatazama. Ulikuwa nyuma ya vidude kwa saa nzima! Vidude havijui Ramadhani, vinafuata saa ya dunia isiyobadilika, na mtambo ulipaswa kuifuata hiyo hiyo. Nikairekebisha saa ya mtambo haraka.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, Lalla Touria akabofya namba zake. Skrini ikafunguka. Akapiga kigelegele, wauguzi thelathini na wanane wakamwitikia, hadi wagonjwa wa ghorofa ya pili wakauliza nani kaolewa. Si Lahbabi akabandua karatasi za nywila kwa mkono wake, akazichana.

"Kinabaki!"

"Si nilisema?" nikatamba. "Kiungo hakina kosa. Saa ya mtambo ilirudi nyuma yenyewe. Mitambo ina mambo yake."

Lalla Itto, msafishaji wetu, akauegemea ufagio.

"Yenyewe? Jana si mimi niliyekushikia ngazi ukirudisha nyuma saa ile ya ukutani? Ukashuka, ukaniambia, 'Ngoja kidogo, Lalla, nikairudishe na ya mtambo.'"