Fungu la Saruji

Muuguzi wa wodi ya wanaume alikuwa akibadilisha shuka alipoona kuwa kitanda cha dirishani kimezama tena sakafuni, miguu yote minne, godoro likikaribia kugusa saruji. Alimalizia shuka, kisha akamtuma mfagizi amwite mwashi aje kutengeneza sakafu.

Aliyelala hapo alikuwa fundi cherehani mwenye UKIMWI, aliyekonda hata dada yake alimbeba mgongoni kama mtoto. Uzito haukuwa wake. Ulikuwa wa maumivu, yaliyoanzia kwenye nyayo na sasa yamefika kiunoni, na maumivu, kama kila mtu hospitalini alivyojua, ni mazito kuliko mtu. Dawa za kufubaza virusi alimeza bila kukosa. Hizo hazikuwa na habari na nyayo zake.

Dawa ya maumivu ilikuwepo, ya maji, kabatini kwa muuguzi. Siku moja alimpa kijiko kimoja kimyakimya. Kitanda kikapanda chenyewe, na fundi akaomba sindano na uzi, akapinda mapazia ya wodi nzima. Muuguzi akapewa onyo. Dawa ile ilikuwa ya walio mwisho, na mtu anayeshona mapazia hayuko mwisho.

Dada mtu akaenda kwa mhasibu. Mhasibu hakuwa mtu mbaya. Alimfutia kiti vumbi, akamsikiliza mpaka akamaliza. Dada alisema mdogo wake angepewa dawa mapema angelala nyumbani, angeshona, na kitanda angepata mwingine. Mhasibu alikubali. Hesabu hiyo alikwisha kuipiga mwenyewe, na kila alipoipiga dawa ilikuwa rahisi kuliko sakafu.

"Sasa tatizo nini, kaka?"

"Fungu, dada yangu. La dawa ni dogo, tunawawekea wanaokufa. La saruji lipo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitali ile ilikuwa na fungu la ukuta.

Kitanda kikaendelea kuzama. Dada akawa anamlisha kwa kupiga magoti, baadaye kwa kulala kifudifudi ukingoni mwa shimo. Mwashi akaona haya, akamjengea ngazi za kushukia, akazipiga lipu vizuri. Mhasibu alikuja kuzikagua akazisifu, na kweli zilistahili. Hilo lilimuuma dada kuliko yote.

Siku daktari alipolazimika kuwasha tochi ili amwone mgonjwa, alitamka kwamba sasa yuko mwisho. Chupa ikaletwa. Kitanda kilipanda polepole hadi usawa wa dirisha, na fundi akatazama nje bila kukunja uso.

"Dada, kumbe dawa ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwepo."

Fundi alizitazama ngazi. "Mimi kule chini nilidhani iliisha na kile kijiko, na bado mnaitafuta."

Dada alimshika nyayo, na kwa mara ya kwanza fundi hakuzivuta. Alifariki jioni ile ile.

Dada aliporudi kuchukua nguo, shimo halikuwa limefukiwa. Mwashi aliambiwa aliache, litafaa. Kitanda kilikuwa kimeshushwa tena chini, na juu yake kijana mgeni, ndiyo kwanza ameanza kuumwa nyayo. Mama yake alisimama ukingoni na bakuli mkononi, akitafuta pa kukanyaga.

Dada aliweka furushi sakafuni, akamshika mkono.

"Shuka kwa ubavu, mama. Ngazi ya mwisho inateleza."